Domeini ya bure mwaka wa kwanza: niichukue ama niiache?

Swali la leo limetoka Shela, Lamu. Dada mmoja ana nyumba ya wageni ya vyumba vinne, kakake ni nahodha wa mashua, huwatembeza wageni kisiwa cha Manda Toto na kwengineko, na sasa wanataka websaiti yao wenyewe manake komisheni ya zile saiti za bukingi imewachosha. (Kwa asiyejua: domeini ni ile anwani ya websaiti, kama hizi zinazoishia na .com, na hosti ni pale websaiti yenyewe inapowekwa.) Ameandika hivi: "Kuna kampuni ya nje imenitumia ofa, domeini ya .com bure mwaka mzima nikilipia hosti ya miaka mitatu kwa mkupuo, inatoka shilingi 499 kwa mwezi. Ofa inaisha Ijumaa. Rafiki yangu ananambia nikimbilie, kakangu anasema hakuna cha bure duniani. Hio domeini ya bure ina faida huko mbele ama ni mtego?" Akanitumia na picha nne za skrini, shukran sana kwa hizo, manake ile ya tatu ndo ilokuwa na majibu yote.

Dadangu, salamu nyingi kutoka Malindi. Rafiki yako na kakako kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Nikupe jibu kabisa halafu ndo nieleze: ofa za domeini ya bure si wizi, mie mwenyewe nishazichukua zaidi ya mara moja na hazikunidhuru, lakini hii yako kama ilivo kwenye hizo picha mie singelipa. Jina ningelinunua kando, kwa jina langu na imeili yangu, halafu hosti ningetafuta kwengine bila haraka. Sababu ni ndefu kidogo, kwa hivo weka chai.

Kwanza ujue hao walokuandikia hawatengenezi majina ya .com. Ghala la .com liko Marekani, linashikwa na kampuni inaitwa Verisign, na hawa wanaokuuzia wewe ni kama maduka ya rejareja tu, tunawaita wasajili. Kila duka likikusajilia jina linalilipa ghala, na Septemba 2024 bei ya ghala ilipanda ikawa dola 10.26 kwa mwaka kwa kila jina, juu yake kuna senti kidogo za ICANN, hao ndo wasimamizi wa majina dunia nzima. Kwa dola ya shilingi 129 hio ni kama shilingi 1,320 na kitu. Ghala haliulizi kama wewe umepewa bure ama umelipa, lenyewe linataka chake. Kwa hivo siku unapobonyeza "domeini ya bure" kuna mtu ametoa hio elfu moja na mia tatu mfukoni mwake kwa ajili yako, mtu ambaye hakujui, hajawahi kufika Shela na wala hana haja ya kwenda Manda Toto. Kakako ni mtu wa bahari, muulize, atakwambia chambo si sadaka.

Na kitu chengine ambacho watu hawaambiwi, domeini hainunuliwi, inakodiwa. Unalipa mwaka, ama miaka mpaka 10 kwa mara moja kama ni .com, na maadam unalipa hakuna wa kukutoa, ukiacha kulipa unatoka na anaingia mwengine. Zamani ilikuwa bure kweli, mpaka 1995 majina haya yalikuwa hayalipiwi kwa sababu serikali ya Marekani ndo ilokuwa inabeba gharama kupitia shirika lake la sayansi, halafu Septemba mwaka huo ikaanza dola 100 kwa miaka miwili. Tangu hapo bure yoyote unayoiona ni bure ya biashara.

Sasa huyo alotoa elfu moja na mia tatu anazirudisha vipi? Tuangalie picha yako ya tatu. Pale chini kabisa, maandishi madogo ya kijivu kwenye karatasi nyeupe (wallahi nilikuza skrini mpaka macho yakatoa machozi), pameandikwa kwamba baada ya kipindi cha mwanzo hosti itakuwa shilingi 1,299 kwa mwezi, na domeini baada ya mwaka wa kwanza ni 2,600 kwa mwaka. Chukua kalamu tupige hesabu pamoja.

Leo unatoa 499 mara miezi 36, ni 17,964, zote kwa siku moja kabla hujaona mgeni hata mmoja. Mwaka wa pili na wa tatu hosti ushalipa lakini domeini bure imeisha, kwa hivo 2,600 mara mbili, 5,200. Miaka mitatu jumla 23,164. Si mbaya, utasema. Sasa fika mwaka wa nne. Hosti 1,299 mara 12 ni 15,588, ongeza domeini 2,600, jumla 18,188. Ushaona? Mwaka wa nne peke yake unalipa zaidi ya ile pesa uloitoa siku ya kwanza kwa miaka mitatu. Na wa tano vivyo hivyo. Miaka mitano inakuja 59,540. Tuseme badala yake umenunua jina kando kwa msajili anayetoza 1,700 mwaka wa kwanza na 1,700 kila mwaka, hao wapo, na hosti ya kawaida ya websaiti ndogo kama yako uipate kwa elfu nne kwa mwaka, miaka mitano ni 28,500. Nusu ya bei, hata nusu haifiki. Ile zawadi ya bure thamani yake ilikuwa shilingi 1,700, basi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hizi kampuni ndo hivo hivo, ila jembe lao ni la mwaka wa nne na linakuja wakati ushajenga kila kitu mle ndani, picha zako, imeili zako, fomu ya kubukia vyumba, kuhama unaona uvivu. Hio ndo hesabu yao wenyewe, kwamba utaona uvivu.

Halafu bei zao ni za dola hata kama wamekuandikia kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikaribia shilingi 160, baadaye ikashuka ikakaa kwenye 129. Ingekuwa rinyu yako, yaani siku ya kulipia upya, imeangukia Januari ile ungeilipia dola hio hio kwa shilingi nyingi zaidi bila kupata kitu zaidi. Sisemi usinunue kwa dola, .com yenyewe ni ya dola mwanzo mwisho, nasema tu usiifanye hesabu ya miaka mitano kama vile shilingi imepigiliwa msumari.

Sasa kuna bure ya aina nyengine ambayo ni mbaya kuliko hii yako, nakwambia kwa sababu najua vijana wa hapa wengi walipitia huko. Zile domeini za .tk, .ml, .ga, .cf na .gq. Ulikuwa huhitaji kununua hosti wala kitu, unaandika jina unapewa, bure kabisa. Hizo ni herufi za nchi, .tk ni Tokelau, visiwa vitatu vya matumbawe kule Pasifiki vinavyotawaliwa na New Zealand, watu wake wachache mno, ukiwaleta wote Lamu siku ya Maulidi hutawaona walipo. Na nchi hio ndogo kuna wakati ilikuwa na majina mengi kuliko nchi yoyote duniani, yalizidi milioni 20. Kampuni ilokuwa inayagawa inaitwa Freenom. Kwenye masharti yao ya huduma ya bure mwenye jina hakuwa wewe, wewe ulikuwa unaruhusiwa kulitumia tu, na jina likilala ama likivunja masharti linarudi kwao wanaweka matangazo yao. Kwa vile ni bure, matapeli walijaa huko kama nzi kwenye samaki, na ndo maana imeili nyingi zilokuwa zinatoka kwenye .tk zikawa zinaangukia kwenye spamu hata kama mwenyewe ni mtu safi. Mwanzoni mwa 2023 walisimamisha kusajili majina mapya, mwezi wa Machi ikajulikana kwamba Meta, wenye Facebook na WhatsApp, wamewashtaki. Mwaka huo huo Gabon wakaichukua .ga yao na mamilioni ya majina yakafutwa, na Mali nao .ml ikarudi mikononi mwao. Februari 2024 Freenom wakatangaza wanaacha biashara ya majina kabisa. Fikiria wewe umeandika .ga kwenye ubao wa nyumba yako halafu unaamka asubuhi serikali ya nchi ya watu imefagia.

Mwengine mfano uko karibu zaidi na nyinyi watu wa hoteli. Google walikuwa wanatoa websaiti ndogo ya bure kwa kila mwenye biashara kwenye ramani yao, anwani yake inaishia na business.site, na Lamu na Malindi yalijaa, vibanda vya snoki, mabwana wa punda, nyumba za kupangisha. Machi 2024 wakazifunga zote. Hawakufanya kosa, walitoa taarifa mapema, ila wale walokuwa wamechapisha kadi zao na anwani ile, kadi zikawa karatasi. Ile anwani haikuwa yao hata siku moja.

Na kuna promosheni ambazo hata hazimlengi mteja. 2014 herufi mpya za .xyz zilipoanza, msajili mmoja mkubwa wa Marekani aliwawekea wateja wake wa .com jina la .xyz bure bila wao kuomba, mtu alikuwa anafungua akaunti yake anakuta jina hajui limetoka wapi. 2016 nayo .xyz ikauzwa kwa senti moja. Idadi ikapaa mpaka mamilioni, watu wakapiga makofi, mwaka ulipogeuka bei ya kawaida ikaja na majina mengi mno yakaachwa yafe. Mie nilikuwa na matano. Hata sikumbuki yalikuwa ya nini, nadhani moja lilikuwa la timu yetu ya mpira wa ufuoni.

Haya turudi Shela.

Kitu ninachotaka ukishike kuliko hesabu zote hizo ni hiki. Jina siku unapolichukua halina thamani, ni herufi tu. Wewe ndo unayelipandisha. Unaliandika kwenye ubao pale gatini, kakako analiandika nyuma ya mashua na kwenye fulana, mgeni wa Kijerumani anarudi kwao anampa shemeji yake, yule anakuja mwaka ujao, mwengine anaandika sifa zako kwenye ukurasa wake anaweka anwani, imeili za bukingi zinaingia kwa jina hilo. Baada ya miaka minne jina lile ni mali, na thamani yote hio umeitia wewe kwa jasho lako, wala si kampuni. Sasa angalia ofa imekaa vipi: wanakupa bure wakati jina halina thamani, wanakupangia bei wakati lina thamani. Ndo maana mie sipigani sana na hio 2,600, kinachonitia wasiwasi ni jina limeandikwa kwa nani na je unaweza kutoka nalo.

Nikupe kisa cha hapa hapa kwetu. Miaka michache nyuma nilipigiwa simu na mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni hapa Malindi, upande wa ufuoni. Alikuwa na mgeni wake wa zamani, mama wa Kiitaliano, amekaa pale baraza na simu mkononi amekasirika. Yule mama alikuwa ameandika anwani ya nyumba kwenye simu kama ilivyo kwenye ubao, herufi kwa herufi, ili amuonyeshe mwanawe aloko Italia, ikafunguka ukurasa wa kamari. Rangi nyekundu, gurudumu linazunguka. Mzee ananiuliza, "Mwanangu, hii nyumba yangu imeingiwa na nini?"

Haikuingiwa na kitu. Kijana alomtengenezea websaiti alikuwa na ofa yake, "domeini bure ukinunua websaiti kwangu", na kweli hakumtoza. Lakini alilisajili kwa jina lake yeye kijana, imeili yake, kwenye akaunti yake pamoja na majina mengine thelathini ya watu. Halafu maisha yakamchukua, akaenda Gulf kutafuta kazi, ile imeili akaacha kuifungua. Wasajili wanatakiwa kutuma tangazo kama mwezi mmoja kabla jina halijaisha, tena wiki moja kabla, na tena ndani ya siku tano baada ya kuisha, na bila shaka yalitumwa yote, yakaenda kulala kwenye imeili ambayo hakuna anayeisoma. Mzee anapiga ile namba anaambiwa mteja hapatikani. Jina lilipoisha lilikaa kwanza muda wa kusamehewa, hapo msajili anaweza kukupa mpaka siku 45 ulipie kama kawaida, halafu likaingia siku 30 za kukombolewa, hapo bado ulikuwa unaweza kuliokoa lakini kwa faini ambayo inaweza kufika dola 80 na zaidi, halafu siku tano za kusubiri kufutwa, halafu likawa huru na papo hapo likadakwa na programu za watu wanaovizia majina yenye wageni. Tulivyowaandikia wakataka dola 900. Mzee akacheka, ile cheko ya mtu ambaye hana la kufanya.

Tukachukua la .co.ke. Akaja fundi wa rangi na msasa, akasugua "com" kwenye ubao akaandika "co.ke", siku moja kazi imekwisha. Lakini jua la hapa unalijua, baada ya mwaka rangi mpya imepauka na ile "m" ya zamani imejitokeza chini ya "k", ukipita saa za asubuhi utaiona. Mie nikipita pale siangalii.

Kwa hivo dadangu, kabla hujampa mtu yeyote pesa, awe kampuni ya nje ama kijana wa mtaani, muulize haya na utake majibu kwa maandishi. Jina litasajiliwa kwa nani, yaani ile sehemu ya mwenye jina itaandikwa jina langu na imeili yangu mimi? Bei ya kulipia upya mwaka wa pili ni ngapi, nataka tarakimu, sitaki "bei ya kawaida". Na nikitaka kuhamia kwengine, ile kodi ya kuhamishia (yaani "code", si kodi ya pesa) nitaipata vipi na kuna malipo? Kodi hio ni kama neno la siri la jina lako, ukiwa nayo unaenda kwa msajili yeyote. Kwa .com sheria za ICANN zinasema ukiiomba lazima upewe ndani ya siku tano, hawana ruhusa ya kukuzungusha mwezi mzima, ila kwa kawaida siku 60 za mwanzo jina halihami, kwa hivo usishtuke ukinunua leo ukaambiwa subiri. Na ukihamisha .com unalipia mwaka mmoja kwa msajili mpya, mwaka huo unaongezwa juu ya ule ulobaki, hupotezi kitu.

Kwenye picha yako ya nne kuna kitu kimoja zaidi. Wanasema ukighairi hosti ndani ya siku 30 unarudishiwa pesa "isipokuwa gharama ya domeini". Yaani ile domeini ya bure, ukitaka kuondoka, ghafla ina bei na wanaikata kwenye pesa zako. Si uongo, wamekuandikia. Angalau ukishakatwa jina ni lako, lidai kodi yake uondoke nalo.

Vitu vidogo vidogo wanavyokuwekea alama ya tiki pale kwenye malipo, ulinzi sijui wa nini, kuficha taarifa zako kwa 1,200 kwa mwaka, toa tiki. Kuficha taarifa za mwenye jina wasajili wengi siku hizi wanafanya bure.

Jengine ni kadi. Hawa wa nje wanataka kadi na wanakata wenyewe kila mwaka, inaonekana rahisi, lakini wengi wetu tunatumia kadi za kuweka pesa kidogo kidogo ama ile ya mtandaoni ya kwenye simu, na siku ya kukatwa kadi inakuwa tupu ama imeshakwisha muda wake, malipo yanakataa, na hutajua kama hufungui imeili. Ukinunua kwa msajili wa Kenya wengi wanapokea M-Pesa, unalipa mwenyewe kwa mkono wako, risiti unaiona. Kwa sababu hio peke yake kwa biashara ya nyumbani kama yako mie hupenda wa hapa.

Na hapa nakuja kwa jambo ambalo watu wa Nairobi hawatakwambia kwa sababu pesa yao haiendi na pepo za msimu. Tarehe utakayosajili leo ndo tarehe utakayodaiwa kila mwaka. Ukisajili mwezi wa tano, kusi imeshika, mvua, vyumba vitupu, mashua imevutwa juu ufuoni inapigwa kalafati, basi kila mwaka deni litakukuta mwezi wa tano ukiwa huna senti. Dawa yake ni rahisi. Jina unaweza kulilipia wakati wowote kabla halijaisha na mwaka unajiongeza mbele, kwa hivo kaskazi nyumba ikiwa imejaa, Januari hivi, toa pesa ya chumba cha usiku mmoja ulipie hata miaka mitatu. Halafu andika tarehe ya kuisha kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka, si kwenye simu peke yake. Na imeili utakayoweka iwe unayoifungua kila siku, isiwe ile ile ya kwenye hilo hilo jina, manake jina likizimika na imeili yake inazimika na huna pa kupokelea kodi ya kuingilia kwenye akaunti yako.

Je kuna wakati bure ni nzuri? Upo. Kama hosti ungeinunua hapo hapo hata bila zawadi, kama unaweza kulipa mwaka mmoja badala ya mitatu, kama bei ya mwaka wa pili wameiandika wazi na haijazidi sana ya wengine, na jina limeandikwa kwako, chukua, ni 1,700 umeokoa, ni bei ya kilo mbili tatu za samaki mzuri. Ama kama ni kitu cha kujaribu tu, mwanao anajifunza kutengeneza websaiti, chukua bure yoyote mchezee. Ubaya ni kuiweka biashara ya familia juu ya kitu ambacho bei yake hujaisoma.

Uliuliza pia .com ama .co.ke. Wageni wako ni wa nje na wa Nairobi, zote zinafaa. .co.ke iko chini ya KeNIC, hao ndo wenye ghala la .ke hapa Kenya, na kwa mgeni inamwambia moja kwa moja uko wapi. Mgeni wa Ulaya yeye mkono wake unaandika .com wenyewe. Mie kama pesa ipo ningechukua zote mbili, moja iwe inampeleka mtu kwenye nyengine, kama haipo ningeanza na ile ambayo jina fupi bado halijachukuliwa.

Kuhusu Ijumaa, usiwe na presha. Ofa kama hizi zikiisha Ijumaa utaona nyengine Jumatatu, labda imebadilishwa rangi. Kitu pekee kinachoweza kukupita kweli ni jina lenyewe, mtu mwengine akalisajili, kwa hivo hilo lichukue leo leo kwa bei ya kawaida, hosti itasubiri hata mwezi. Jina halihitaji hosti ili liwe lako.

Na yale majina mawili ulonitumia, lile la kwanza lenye kistari katikati na "villas" mwishoni liache, kistari mgeni hawezi kukisikia. La pili la Kiswahili ni zuri lakini nina wasiwasi na ile "dh". Fanya hivi: kakako akiwa kwenye mashua hatua kama ishirini kutoka gatini, upepo unavuma, aliite hilo jina kwa sauti, na wewe umpe mgeni mmoja karatasi aandike alichosikia. Jaribu kwa wageni watatu. Wakiliandika sawa wawili, lisajili, halafu nitumie picha ya ile sehemu ya mwenye jina nikuangalilie kama wamekuandika wewe.